Sweta la sufu la kweli kwa baridi ya Makete: nilitambueje, na nivae mangapi?

Mwalimu wa Pangani

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za leo.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati, mzaliwa wa Pangani. Januari mwaka huu nilipangiwa sekondari moja huku wilayani Makete. Kwetu sweta huvalishwa mtoto mchanga akishaogeshwa, basi. Mtu mzima akionekana na sweta barazani ataulizwa kama ana homa. Nikapanda huku na magauni yangu ya pamba, mitandio, na sweta jepesi alilonipa dada yangu, nikijiona nimejiandaa vya kutosha.

Miezi ya mvua niliivumilia. Sasa Mei inaisha, na wenyeji wananiambia baridi yenyewe haijaja. Juni na Julai sakitu, yaani umande ulioganda, itaanguka, majani ya viazi yataungua na maji ya kwenye ndoo nje yatashika ngozi ya barafu. Wanasema kwa upole, si kwa kunitisha, lakini mwenzenu nimeogopa.

Niwaeleze siku yangu ili mnishauri kwa hali yangu mimi. Saa kumi na mbili asubuhi niko juu ya bodaboda, dakika 20, upepo wote kifuani. Saa moja kasoro tuko paredi, tumesimama kwenye nyasi zenye umande mpaka viatu vinalowa. Saa sita jua kali, natoka jasho ubaoni. Saa kumi ukungu umesharudi. Siku tatu kwa wiki nina zamu ya kusimamia wanafunzi wanaojisomea usiku hadi saa nne, na darasa lina vioo viwili vilivyovunjika.

Mwezi wa tatu nilinunua sweta dukani kwa shilingi 35,000. Nene, zito, ukilishika unajua kabisa hili ni sweta. Muuzaji aliniapia ni sufu tupu. Wiki ya pili likaanza kutoa vitonge kwapani na mbavuni. Baada ya kulifua mara tatu mikono ikarefuka ikanifunika vidole. Na kwenye bodaboda upepo unapita kana kwamba nimevaa wavu wa dagaa. Kwa mwalimu anayeanza kazi 35,000 si hela ndogo, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba nilimwamini.

Sasa nina 60,000 nimeitenga kwa ajili ya baridi tu. Navaa gauni refu na mtandio muda wote. Naomba kujua: sufu ya kweli inatambulikaje? Ninunue sweta moja zito sana au mawili matatu mepesi? Na lipi litadumu zaidi ya msimu mmoja?

---

Mzee wa Uwemba

Marahaba mwalimu, na pole. Mimi niko Njombe miaka yote. Ushauri wangu mfupi: achana na masweta, nunua jaketi moja zito lenye manyoya ndani. Unalivaa asubuhi, unalivua jua likitoka. 60,000 inatosha na chenji inabaki.

---

Mama wa Mwanjelwa

Mwanangu mwalimu, pole sana. Mimi ni Mkinga wa Makete, nyumbani kwetu ni Matamba, ukishapanda zile kona 57 za kutokea Chimala. Nauza mitumba Mbeya tangu 1998, na kwa miaka mingi belo langu ni moja tu: masweta. Nimechambua masweta kuliko nilivyochambua mchele. Kwa hiyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Mzee wa Uwemba simpingi kwa dharau, maana jaketi zito linafaa kwa mtu anayekaa mahali pamoja. Lakini wewe umesema mwenyewe: asubuhi upepo, mchana jasho, usiku baridi ya kukaa kitini. Jaketi zito moja lina hali mbili tu, umelivaa au umelivua. Saa tatu asubuhi litakuchemsha, ukilivua unatetemeka. Wewe unahitaji nguo za kupunguza na kuongeza, moja moja.

Na hapo ndipo wengi mnapokosea kwenye sweta. Mnanunua unene. Kinachokupa joto siyo uzi, ni hewa iliyonaswa ndani ya uzi. Unyoya wa kondoo una mawimbi kiasili, kama nywele za kipilipili zilizovutwa kidogo, na kila wimbi linashika hewa. Ndiyo maana sweta jembamba la sufu lililofumwa kwa kubana linaweza kushinda sweta nene la akriliki, uzi wa kiwandani, lenye matundu. Lile ulilouziwa kwa 35,000 kwa maelezo yako ni akriliki, naweza kuapa bila kuliona. Vitonge mapema, kurefuka mikono, kupitisha upepo: ni lenyewe.

Sasa namna ya kulijua. Kwanza soma lebo ya ndani ubavuni, si ile ya shingoni. Mitumba inatoka nchi nyingi, kwa hiyo lebo haitakuwa ya Kiingereza kila mara. Mimi nimejifunza maneno haya kwa miaka, nakupa bure. Sufu ni WOOL kwa Kiingereza, WOLLE kwa Kijerumani, LAINE kwa Kifaransa, LANA kwa Kiitaliano na Kihispania, WOL kwa Kiholanzi, ULL kwa Kiswidi na Kinorwe, ULD kwa Kidenishi, na WEŁNA kwa Kipolandi. Ukiona SCHURWOLLE shangilia, hiyo ni sufu mpya iliyokatwa kwa kondoo hai, haijatengenezwa kwa nguo zilizosagwa. Lakini angalia sana mtego huu: BAUMWOLLE ya Kijerumani na BAWEŁNA ya Kipolandi si sufu, ni pamba. Nimeona wauzaji wenzangu wenye miaka kumi sokoni wakiiuza kama sufu, na si wote wanadanganya, wengine hawajui. Akriliki nayo inaandikwa ACRYLIC, ACRYLIQUE, ACRILICO au POLYACRYL.

Ukikuta alama ya mistari myeusi iliyojipinda kama fundo la uzi, hiyo ndiyo Woolmark, alama ya sufu safi inayotumika tangu 1964. Masweta ya zamani yenye alama hiyo mimi huyatenga pembeni kabla wateja hawajafika.

Lebo imekatwa? Basi tumia moto, lakini usifanye kibandani kwa mtu bila kumwomba. Chomoa uzi mfupi kwenye mshono wa ndani, ushike kwa kibano au ncha ya mkasi, uwashe kiberiti juu ya sahani. Sufu inajikunja kukimbia moto, inaungua polepole, ukitoa kiberiti inazimika yenyewe, na inanuka nywele zilizoungua. Jivu lake ni jeusi, ukilibonyeza linasagika. Akriliki inashika moto haraka, inatoa moshi mweusi, inayeyuka na kuacha shanga ngumu isiyosagika. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu la kijivu jepesi.

Hili la moto si la kupimia tu. Huku watu wanaota jiko. Cheche ikiruka kwenye sufu inaacha doa la kuungua. Ikiruka kwenye akriliki inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Nina mpwa ana kovu la hivyo mkononi.

Ukishajua ni sufu, tazama kama litadumu. Liinue juu uelekee mwanga, uangalie viwiko. Kama viwiko vinapitisha mwanga kuliko kifua, limeshaliwa nusu ya maisha. Vuta ukingo wa mkono kisha uachie: ukirudi haraka, zima, ukibaki umelegea, upepo utaingia hapo kila siku. Tazama uzi wenyewe kwa karibu. Uzi uliosokotwa kwa nyuzi mbili pamoja unadumu kuliko uzi mmoja uliolegea. Halafu tafuta vitundu vidogo vya nondo, hasa kwapani na chini ya kola. Kitundu kimoja kinatililiwa, yaani kinazibwa kwa sindano na uzi. Vitundu kumi, rudisha.

Kuhusu aina za sufu nitasema machache. Merino, sufu ya kondoo wa aina hiyo, ni laini sana, inafaa kukaa karibu na mwili, lakini inachakaa viwiko mapema. Ile ya kondoo mdogo aliyekatwa manyoya mara ya kwanza, lebo husema LAMBSWOOL, ni ya katikati: joto, laini kiasi, inadumu. Shetland na zile za wavuvi wa Ireland na visiwa vya Uingereza zinawasha ngozi kidogo, lakini ndizo zinazorithiwa. Kashmiri, ile ya manyoya ya mbuzi, usiitafute kwa kazi yako. Ina joto la ajabu na inararuka kama mkate.

Kuna na masweta ya kijeshi ya Uingereza, yenye viraka mabegani na viwikoni. Ufumaji wake sijawahi kuona unaoushinda kwa kubana. Lakini usinunue yenye rangi ya jeshi hata ukipewa bure. Mwaka 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi yanayofanana na ya jeshi, na siyo mara ya kwanza kuonya. Mwalimu huna sababu ya kujiingiza humo.

Kwa 60,000 yako mimi ningefanya hivi. Sweta jembamba la merino au sufu laini, mikono mirefu, la kuvaa ndani ya gauni: sokoni kwetu 8,000 hadi 12,000. Juu ya gauni sweta la lambswool la vifungo, siyo la kuvalia kichwani, kwa sababu una mtandio. Kila ukivua la kichwani mbele ya darasa utavuruga mtandio wote, mwishowe utaacha kulivua na utalowa jasho. La vifungo unalifungua tu. Hilo 12,000 hadi 18,000. Kinachobaki nunua jaketi jepesi la kuzuia upepo kwa ajili ya bodaboda, na soksi za sufu jozi mbili. Usipungukiwe soksi.

Njoo Mbeya Jumamosi asubuhi mapema, belo zikifunguliwa, au mwombe mwenyeji wako akupeleke mnada wa karibu. Mchana yaliyobaki ni yale ambayo wengine wameyakataa.

Na jambo moja nakusihi kama mzazi. Usiku ukizidi, usiingize jiko la mkaa chumbani ukafunga dirisha. Huku kwetu tumezika watu kwa hilo, na wengi walikuwa wageni. Vaa sweta la tatu, lala na soksi, lakini jiko libaki nje.

---

Mpagazi Mstaafu, Marangu

Mwalimu, mama amemaliza karibu yote. Mimi nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka 16 kabla magoti hayajakataa, niongeze ya mlimani.

Pale kwenye kibanda cha Kibo, mita 4,720, wageni wanaamshwa karibu na saa sita usiku kuanza kupanda kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Walioteseka sana siyo waliovaa kidogo. Ni waliovaa kila kitu tangu mwanzo. Wanatoka jasho kwenye mteremko wa kwanza, fulana ya pamba inalowa mgongoni, wakisimama kupumzika lile jasho linapoa na hawapati joto tena mpaka jua litoke. Kwa hiyo dada yangu, la kwanza: fulana ya pamba usiivae chini ya sweta. Pamba inashika jasho na kulikalisha kwenye ngozi. Sufu inaweza kunyonya unyevu karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujahisi kwamba umelowa, na bado inakupa joto. Vaa lile la merino kwenye ngozi moja kwa moja.

La pili ni saizi. Watu wananunua masweta mawili yenye saizi ile ile, la juu linalibana la chini, ile hewa aliyoisema mama inakamuliwa yote nje. La ndani likae mwilini, la juu yake liwe kubwa kidogo, jaketi liwe kubwa zaidi. Ukiweza kuinua mikono yote miwili juu bila kubanwa kwapani, umepanga vizuri.

La tatu, vua kabla hujatoka jasho. Ukianza tu kuhisi vuguvugu shingoni, fungua vifungo viwili. Usingoje.

Mahali ninapotofautiana na mama ni mvua. Sufu ikishalowa kabisa ni nzito na inachukua siku mbili kukauka, hasa kwenye ukungu. Mimi siku za mvua nilikuwa navaa sweta la poliesta lile laini la manyoya mafupi, linakauka kwa usiku mmoja ukilikung'uta. Usilidharau kabisa.

Sweta langu la sufu nililopewa na mgeni Mnorwe mwaka 2006 bado ninalo. Kijana wangu anataka nimpe, sijampa.

---

Mama wa Mwanjelwa

Mpagazi, umesema kweli tupu kuhusu mvua. Ndiyo maana nikasema asiwe na moja. Sufu inahitaji kupumzika siku moja au mbili kati ya kuvaliwa na kuvaliwa, ikauke na kurudi umbo. Na ulilolisema la saizi sikulifikiria kuliandika, wakati kila siku namwona mteja akinunua linalombana kwa sababu linampendeza kwenye kioo.

---

Mwalimu wa Pangani

Nimerudi, wakubwa zangu. Samahani kwa kukaa kimya wiki mbili.

Mbeya nilishindwa kufika kwa sababu ya mitihani, lakini mwalimu mwenzangu mwenyeji alinipeleka mnadani. Tulitoka usiku usiku. Nilikuwa nimeandika maneno ya lebo kwenye kikaratasi kama mwanafunzi anayeingia chumba cha mtihani, nikakikunja kwenye kiganja.

Sweta la kwanza nililolipenda kwa macho lilikuwa jekundu, laini mno, na lebo ilisema 100% BAUMWOLLE. Kijana muuzaji akaniambia, "Dada, hiyo wolle ni sufu ya Ujerumani." Wallahi mama, nilitabasamu nikamwonyesha kikaratasi. Akashangaa, akaniomba akipige picha kwa simu. Hakuwa mwongo, hakujua tu. Baada ya hapo akawa ananichagulia mwenyewe, anasoma lebo kwa sauti, anaangalia karatasi.

Nimepata haya. La ndani: jeusi jembamba, MERINO 100%, shilingi 9,000, lina kitundu kimoja kidogo mgongoni. La vifungo: kijani cha majani makavu, LAMBSWOOL 80 na nailoni 20, 14,000. Nikakuta na jingine zito la rangi ya maziwa, PURE NEW WOOL, lina ile alama ya fundo, linawasha shingoni lakini mtandio unalizuia lisiguse ngozi. Hilo 12,000, nimeliweka kwa zamu za usiku. Jaketi la upepo 15,000. Soksi jozi mbili 5,000. Jumla 55,000.

Jumatatu nimepanda bodaboda na la merino ndani, la vifungo juu ya gauni, kisha jaketi. Nilipofika shule nilikuwa nimeshika mkoba kwa vidole vinavyosikia. Tangu nije huku sikuwahi kufika paredi nikiwa na vidole vinavyosikia.

Sasa nina hofu nyingine. Nitayafuaje nisiyaharibu? Nimesikia sufu inarudi ndogo. Na nondo nimewaona chumbani kwangu, wadogo wa rangi ya dhahabu. Mama yangu mzazi Pangani ananishauri nifukize udi kabatini.

---

Mama wa Mwanjelwa

Hongera mwanangu! Na hilo la nailoni 20 usilijutie, linasaidia viwiko. Hilo zito la rangi ya maziwa kwa 12,000, mimi nisingekuachia kwa bei hiyo.

Kufua. Kwanza usifue ovyo. Sufu haishiki harufu haraka kama akriliki. Litundike nje kivulini lipigwe upepo, linajisafisha nusu. La ndani fua kila baada ya kuvaa mara nne au tano, la nje hata mwezi, ukifuta madoa tu.

Unyoya wa kondoo una magamba madogo sana, kama ya samaki. Maji ya moto na kusugua vinayafanya yashikane, na yakishashikana hayaachani. Hapo ndipo sweta la mtu mzima linapogeuka la mtoto. Kwa hiyo maji ya vuguvugu la mbali au ya baridi, na yale ya kusuuzia yawe na joto lile lile. Tumia shampuu ya nywele kidogo, maana sufu ni nywele. Lizamishe, libonyeze bonyeze kwa viganja, usisugue, usilikamue kwa kulinyonga. Sabuni ya unga ya kawaida iache, nyingi zina vimeng'enya vya kula madoa ya protini, na sufu yenyewe ni protini. Na Jik usiiguse kabisa! Jik inayeyusha sufu, si kuitoa rangi tu. Nilimwona mama mmoja aliloweka sweta jeupe la mumewe usiku kucha, asubuhi akatoa uji.

Ukimaliza lilaze juu ya taulo kavu, likunje pamoja na taulo kama mkeka, ulikanyage kwa magoti. Kisha lilaze bapa juu ya mkeka kivulini, ulinyooshe umbo lake kwa mikono. Usilitundike kwenye kamba likiwa limelowa. Ndivyo mikono inavyorefuka.

Kuhusu nondo, mwambie mama asante kwa udi, nguo zitanukia vizuri, lakini harufu haimuui kiwavi. Na anayekula si yule wa dhahabu anayeruka, ni viwavi wake, nao wanapenda sweta chafu lenye jasho na mahali penye giza pasipoguswa. Safisha kabla ya kuhifadhi. Kila wiki mbili lichukue, likung'ute nje juani, piga mshono wa kwapani na chini ya kola kwa brashi. Msimu ukiisha, lifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Kama una mtu mwenye friza, lilaze huko wiki mbili likiwa ndani ya mfuko. Baridi kali inawamaliza mpaka mayai.

Kile kitundu cha mgongoni kitililie leo, usingoje.

---

Fundi wa Kinangop

Mwalimu, salamu kutoka Nyandarua, Kenya. Hapa kwetu pia baridi huua viazi shambani, tunaelewana. Mimi nafuma na kurekebisha masweta, nyingi kutoka Gikomba, soko la mitumba la Nairobi.

Kutililia: chukua uzi wa sufu, si wa kushonea nguo, ule wa kushonea ni mkali na utakata sufu kando ya kitundu. Unaweza kuchomoa uzi kutoka sweta kuukuu la rangi inayokaribiana. Ingiza kitu cha mviringo chini ya kitundu, balbu iliyoungua inafaa sana. Anza mbali kidogo na kitundu, pale sweta bado iko imara, pitisha nyuzi wima zikiwa karibu karibu, halafu rudi kwa mlalo ukipita juu ya mmoja, chini ya mwingine, kama unasuka kikapu. Usivute sana, acha ulegee kidogo kwa sababu utarudi ukifuliwa.

Na ikitokea siku moja sweta imerudi ndogo kwa bahati mbaya, usiitupe. Hiyo sufu iliyoshikana haifumuki ukiikata. Kata vipande vya mviringo kama yai, shona viwikoni kwa ile nyingine kabla haijatoboka. Zangu zote nimeziwekea viraka vikiwa bado vizima.

---

Mwalimu wa Pangani

Leo ni Julai, tarehe sikuikumbuka mpaka nilipoandika ubaoni. Asubuhi sakitu imeanguka kweli. Nyasi za paredi zilikuwa nyeupe na zinavunjika ukizikanyaga, mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza alikuwa akiniokotea vipande vya barafu kutoka kwenye ndoo anionyeshe, kwa sababu anajua natoka baharini.

Nilivaa la merino, la vifungo na jaketi. Nikasimama paredi mpaka mwisho. Saa nne nikafungua vifungo, saa sita nikavua la vifungo nikabaki na la ndani chini ya gauni, mtandio haukuguswa. Usiku huu niko zamu, naandika kutoka darasani, lile la rangi ya maziwa limenifika mpaka kidevuni.

Kitundu nimekitililia kwa balbu, fundi, nyuzi zimepinda kidogo lakini kimeziba.

Mama, nina ombi moja la mwisho. Wanafunzi wangu masweta yao ya shule ni yale yale niliyouziwa mimi, na wengine yametoboka viwiko vyote viwili. Rangi ya shule ni bluu iliyokoza. Walimu wanne tumekubaliana kuchanga kwa ajili ya vijana 11 wa bwenini ambao hali zao tunazijua. Ukifungua belo ukayakuta madogo ya bluu, ya sufu, hata yenye kitundu, utuwekee? Kutililia nimeshajua.

---

Mama wa Mwanjelwa

Nitaweka. Belo linafunguliwa Jumamosi. Nitumie vipimo vya kifua vya wote 11, na umpime kila mmoja akiwa amevaa shati.